Nishani ya Dhahabu na Ulimi wa Mnunuzi

Katika maduka ya divai ya Ulaya na Marekani, mnunuzi hukuta mamia ya chupa zimepangwa ubavu kwa ubavu, na juu ya baadhi yake kimebandikwa kijikaratasi cha mviringo chenye rangi ya dhahabu, ya fedha au ya shaba. Kijikaratasi hicho humwarifu kwamba divai iliyomo ilipelekwa katika mashindano fulani, mwaka fulani, ikaonjwa na waamuzi, nao wakaitunukia nishani. Mnunuzi hawezi kuonja chupa zote zile. Aghalabu hata moja haruhusiwi kuizibua kabla ya kulipa. Basi mkono wake huelekea kwenye dhahabu. Swali tunalokusudia kulitafakari katika kurasa hizi ni hili: je, mkono huo unaongozwa vyema?

Sina shaka kwamba wengi miongoni mwa wasomaji wetu hawanywi divai, baadhi kwa sababu ya dini, wengine kwa sababu ya bei. Hilo halituzuii kuendelea. Swali lenyewe linahusu ushahidi: ni wakati gani neno la mtu mwingine juu ya ubora wa kitu, ambacho mimi mwenyewe sijakionja, lastahili kuniamulia? Mwalimu atoaye alama kwa insha za wanafunzi, na mhariri achaguaye shairi la kutuzwa, wamo ndani ya swali hilo kama alivyomo mwonjaji mwenye bilauri yake. Nimeichagua divai kwa kuwa juu yake waamuzi wenyewe wamewahi kutiwa katika mizani, na matokeo ya kupimwa kwao yakachapishwa ili kila mtu ayasome.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama methali hii ingekuwa kweli mahali pote, nishani isingekuwa na kazi. Divai njema ingejiuza yenyewe, na ile iliyobandikwa dhahabu ingetiliwa shaka kwa sababu ya kujitembeza kwake. Lakini tukiichunguza methali, twaona kwamba ilizaliwa katika soko ambamo mnunuzi hutumia pua na vidole vyake. Embe hunuswa, kitambaa hupapaswa, samaki hufunuliwa mashavu. Kitu kilichozibwa ndani ya chupa ya kijani hakina njia ya kujieleza. Kinachojiuza pale ni chupa, na picha iliyo juu yake, na bei, na jina la ukoo wa mwenye shamba. Hapo ndipo mashindano yanapodai nafasi yake: yanasema, sisi tumeonja kwa niaba yako.

Dai hilo si la kupuuzwa, na kisa kinacholitetea vizuri kuliko vingine ni kile cha Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza mmoja aliyekuwa na duka la divai mjini humo, Steven Spurrier, pamoja na msaidizi wake Mmarekani, Patricia Gallagher, waliwaalika waonjaji tisa wa Kifaransa, watu wenye majina makubwa katika mahoteli, mashamba na majarida ya divai, ili waonje divai za California pamoja na zile za nchi yao. Nyeupe zilikuwa kumi, nyekundu nazo kumi. Katika kila kumi, sita zilitoka California na nne Ufaransa. Majina yalifichwa. Kila mwamuzi alitoa alama kati ya 20. Alama zilipojumlishwa, nyeupe iliyoongoza ilikuwa Chardonnay ya mwaka 1973 ya Chateau Montelena, na nyekundu iliyoongoza ilikuwa Cabernet Sauvignon ya mwaka 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars, viwanda viwili vya bonde la Napa. Mwandishi wa habari aliyehudhuria alikuwa mmoja tu, George Taber wa gazeti la Time, na kwa kalamu yake dunia ikapata kujua. Odette Kahn, aliyekuwa mmoja wa waamuzi, alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama, hakurudishiwa.

Nini kilichotendeka siku ile? Kabla yake, Mfaransa aliyeambiwa kwamba bilauri aliyoishika ina divai ya California angalikwisha kuihukumu kabla haijagusa mdomo wake. Sikio lilikuwa limeuamuru ulimi. Majina yalipofichwa, ulimi ulipata kusema peke yake, na ulisema jambo ambalo mwenyewe hangalilikubali. Mkulima wa mbali, asiye na ngome ya mawe wala karne tatu za ukoo, alipata haki katika baraza ambalo lisingemfungulia mlango kwa njia nyingine. Mtu yeyote anayetaka kuzibeza nishani zote kwa jumla hana budi kwanza kuijibu siku hiyo.

Hata hivyo, kisa hicho chasimuliwa nusu. Alama za waamuzi wale hazikuwiana: divai moja ilipandishwa juu sana na mmoja na kuteremshwa na jirani yake. Kati ya nyekundu iliyoongoza na ile iliyoifuata, Mouton Rothschild ya mwaka 1970, tofauti ilikuwa ndogo mno, kiasi kwamba mwamuzi mmoja mwingine mahali pa mwamuzi mmoja aliyekuwapo angetosha kuzibadilishana nafasi. Kilichothibitishwa Paris ni kwamba divai za California zilistahili kukaa katika baraza moja na zile za Bordeaux na Burgundy. Kwamba hii ni ya kwanza na ile ni ya pili, hilo halikuthibitishwa, ingawa ndilo lililoandikwa na kukumbukwa. Mashindano yalifungua mlango. Kupanga viti ndani ya chumba ni kazi nyingine, na naona kwamba karibu makosa yote ya mnunuzi wa nishani yatokana na kuzichanganya kazi hizo mbili.

Hapa yafaa tumsikilize mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, ambaye mwaka 1757 alitoa insha juu ya kipimo cha ladha. Hume aliazima kisa kutoka katika Don Quixote ya Cervantes. Watu wawili wa ukoo mmoja, mashuhuri kwa kuonja, waliombwa watoe rai juu ya divai ya pipa fulani. Wa kwanza alionja, akatafakari, akasema divai ni njema, ila anahisi kijiladha cha ngozi. Wa pili naye akaisifu, lakini akasema anahisi chuma. Waliokuwapo wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ulionekana ufunguo mkuukuu uliofungwa kamba ya ngozi.

Kisa hiki kinawajibu wale wasemao kwamba kila mtu na ladha yake, na kwamba kuwauliza waonjaji ni kupoteza wakati. La hasha. Ndani ya pipa kulikuwa na kitu, na ndimi mbili zilizozoezwa zilikigundua wakati ndimi nyingine zote zilikuwa zimelala. Ujuzi wa kuonja upo. Si uzushi wa matajiri. Lakini msomaji na atazame mambo mawili. La kwanza, walichogundua wale wawili kilikuwa ni kasoro. La pili, walicheka waliocheka mpaka pipa likamiminwa hadi tone la mwisho. Ufunguo ndio uliowathibitisha. Katika mashindano ya divai hakuna pipa linalomiminwa. Mwamuzi husema hii ni dhahabu, na ile ni shaba, kisha huenda zake, na hakuna ufunguo wowote unaotokea baadaye kumsadikisha wala kumsuta.

Je, ufunguo waweza kutafutwa kwa njia nyingine? Mtu mmoja aliutafuta. Robert Hodgson, mwalimu wa chuo kikuu aliyestaafu, bingwa wa hesabu za takwimu na mwenye kiwanda kidogo cha divai kaskazini mwa California, alikuwa akistaajabu kuona divai yake ile ile ikipata dhahabu katika mashindano haya na kutoka mikono mitupu katika mashindano yale. Aliwashawishi wasimamizi wa mashindano ya divai ya Maonyesho ya Jimbo la California wamruhusu kuwapima waamuzi bila wao kujua ni bilauri zipi. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2008, kila baraza la waamuzi wanne lilipewa mfululizo wa bilauri 30, na ndani yake zilitiwa bilauri tatu zilizomiminwa kutoka chupa moja. Waamuzi waliopimwa kila mwaka walikuwa kati ya 65 na 70. Kama huwezi kuufungua moyo wa mwonjaji, unaweza walau kumwuliza swali lile lile mara tatu na kusikiliza kama jibu lake ni moja.

Majibu hayakuwa moja. Alipoyachapisha matokeo mwaka 2008, Hodgson alionyesha kwamba kiasi cha asilimia 10 tu ya waamuzi waliweza kuziweka bilauri zile tatu katika daraja moja la nishani. Asilimia 10 wengine, kwa nyakati fulani, waliipa divai ile ile shaba mara moja na dhahabu mara nyingine. Waliobaki walikuwa katikati. Na ilidhihirika kwamba waamuzi walikuwa thabiti zaidi katika kukataa kuliko katika kusifu: kilichowachukiza kiliwachukiza tena, lakini kilichowapendeza hakikuwapendeza kwa kiasi kile kile kila kilipopita mbele yao.

Naomba walimu wenzangu tusiharakishe kucheka. Tumfikirie msahihishaji mwenye insha 30 juu ya meza, na insha moja kati ya hizo imenakiliwa kwa hati tatu tofauti na kuchanganywa na nyingine. Ya kwanza anaisoma asubuhi, baada ya insha mbovu isiyo na aya wala nukta. Inang'ara mbele ya macho yake kama sarafu mpya. Ya pili anaikuta baada ya insha ya mwanafunzi hodari kuliko wote, inafifia. Ya tatu iko chini ya rundo, jua limekwisha kupinduka na kichwa kinamwuma. Ni nani kati yetu atakayeapa kwamba alama zake tatu zitalingana? Sisi tunalifahamu jambo hili vizuri sana, na kwa sababu hiyo mitihani mikubwa hufanyiwa mkutano wa kuwianisha alama kabla ya kusahihisha, na karatasi zenye shaka hupewa msahihishaji wa pili. Ulimi nao ni msahihishaji achokaye. Ingawa mwonjaji hutema, kinywa hukauka kwa ukakasi wa divai nyekundu. Bilauri iliyotangulia huiachia kivuli chake ile inayofuata. Katika msafara wa bilauri 30, ile yenye kishindo, yaani tamu kidogo, nzito, yenye harufu ya mbao za pipa jipya, hujitokeza mbele. Ile iliyotengenezwa kwa unyenyekevu ili isindikize chakula, na ambayo mezani pamoja na samaki ingalipendeza zaidi, hupita kama mgeni asiyebisha hodi.

Mwaka uliofuata, 2009, Hodgson alitoa uchunguzi wa pili ambao kwangu ni mzito kuliko wa kwanza. Alikusanya matokeo ya mashindano 13 ya Marekani, yenye divai zaidi ya 4,000. Kati ya hizo, 2,440 zilikuwa zimeshindanishwa mahali zaidi ya patatu. Asilimia 47 ya hizo 2,440 zilipata dhahabu walau mahali pamoja. Lakini katika hizo zilizopata dhahabu, asilimia 84 zilikosa tuzo yoyote mahali pengine. Kupata dhahabu hapa hakukuongeza wala kupunguza tumaini la kuipata kule. Aliyezoea hesabu atatambua kwamba hiyo ndiyo tabia ya dadu.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba divai ya kawaida ina nafasi moja katika kumi ya kupata dhahabu katika mashindano yoyote. Ikipelekwa mara moja, yumkini itashindwa. Ikipelekwa katika mashindano saba, nafasi ya kupata dhahabu walau moja imepita nusu. Nayo kupeleka si bure. Kila chupa hulipiwa ada, na aghalabu hata vijikaratasi vya kubandika hununuliwa kwa wenye mashindano. Basi mwenye fedha za kulipa ada saba ana dhahabu mkononi kwa wepesi kuliko jirani yake maskini awezaye kulipa moja, ingawa divai zao ni sawa. Kile chombo kilichosifiwa kwa kumtendea haki mtu asiye na jina chaanza kumtumikia tena mwenye mfuko. Aidha, dhahabu na fedha na shaba hazigawiwi kwa uchache kama anavyodhani mnunuzi: kanuni za shirika la kimataifa la mizabibu na divai, kwa mashindano yanayozifuata, huruhusu nishani zifikie asilimia 30 ya divai zote zilizoletwa.

Lakini ubaya mkubwa zaidi, kwa rai yangu, ni ukimya. Chupa iliyoshinda mara moja na kushindwa mara sita hutaja ushindi mmoja. Yale mengine sita hayaandikwi popote. Hakuna aliyesema uwongo. Nishani ni ya kweli, tarehe ni ya kweli, waamuzi walikuwapo. Hata hivyo mnunuzi amedanganyika, kwa sababu ameonyeshwa shahidi mmoja na mashahidi sita wamefungiwa chumba cha nyuma. Katika mahakama yoyote yenye heshima, wakili afanyaye hivyo angekemewa.

Waliokwisha kunifuata hadi hapa waweza kusema: basi nishani zibanduliwe zote, na mnunuzi aachwe huru. Huru kwa nani? Nishani ikiondoka, nafasi yake haiachwi tupu. Hurithiwa na jina na bei. Na jina na bei ni waamuzi wa zamani, wenye kiburi kuliko hawa. Mwaka 1855, Napoleon wa Tatu alipotaka divai za Bordeaux zipangwe madaraja kwa ajili ya Maonyesho Makubwa ya Paris, kazi hiyo walipewa madalali wa Bordeaux. Hawakufanya mashindano ya kuonja. Walitazama bei ambazo divai zilikuwa zimeuzwa kwa miaka mingi, wakaziweka nyekundu zile katika madaraja matano. Orodha hiyo ingali inatajwa hadi leo, na badiliko kubwa la daraja lililofanywa tangu hapo ni moja: mwaka 1973 Mouton Rothschild ilipandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Siwalaumu madalali; bei iliyodumu miaka mingi nayo ni ushahidi wa aina yake, kwa kuwa imetolewa na wanunuzi wengi waliorudi tena na tena. Lakini bei ikiishatangazwa kuwa ndiyo daraja, daraja nalo huipandisha bei, na tangu hapo hakuna ajuaye ni ipi inayoifuata nyenzake.

Tena bei haiusemi ulimi wa mtu wa kawaida. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa Marekani bila ya waonjaji kujua bei. Wale wasio na mafunzo hawakuzipenda divai ghali kuliko rahisi, bali walielekea kuzipenda kidogo zaidi zile rahisi. Na jicho nalo ni bwana mkali. Pale Bordeaux, katika utafiti uliotolewa mwaka 2001 na Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno yatumiwayo kuelezea divai nyekundu. Jambo hili lapaswa kutugusa sisi wa lugha kuliko watu wengine wote. Uchunguzi ule ulikuwa, kimsingi, uchunguzi wa msamiati. Waonjaji wa Kifaransa wana maneno ya matunda mekundu na meusi kwa divai nyekundu, na maneno ya matunda ya manjano, asali na maua meupe kwa divai nyeupe. Jicho lilipoona wekundu, likafungua kabati la maneno mekundu, na pua ikavaa ilichokabidhiwa. Hawakuwa wajinga wala waongo. Walikuwa watu wenye lugha, na lugha ilitangulia kufika.

Kwa hiyo, kumwondolea mnunuzi nishani na kumwachia jina, bei na rangi ya lebo ni kumtoa mikononi mwa shahidi mwenye kusitasita na kumtia mikononi mwa mashahidi walionunuliwa. Nishani, pamoja na udhaifu wake wote, ina sifa moja ambayo hao wengine hawana: ilitolewa na watu ambao, kwa dakika chache, hawakujua wanamhukumu nani. Sifa hiyo ni adimu duniani, nami nisingependa ipotee.

Basi tuipe uzito gani? Naona jibu limo katika lile jambo tuliloliona mara mbili, katika pipa la Hume na katika hesabu za Hodgson, kwamba ulimi uliozoezwa ni imara katika kutambua kasoro na dhaifu katika kupanga wema. Jambo hili watu wa nchi zetu za Maziwa Makuu wanalijua kutoka katika kahawa. Kahawa ya Rwanda na ya Burundi husumbuliwa na ile ladha ya kiazi kibichi, ambayo wataalamu huihusisha na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda mtini. Punje moja yenye ila hiyo huharibu kikombe kizima, na mwonjaji aliyefunzwa huitambua mara moja. Hapo hakuna mjadala wala kura. Huo ndio ufunguo wenye kamba ya ngozi. Lakini wape waonjaji wale wale vikombe vitano visivyo na ila, kutoka vilima vitano, na uwatake wavipange kutoka cha kwanza hadi cha tano. Hapo utasikia lugha tano.

Mashindano ya kahawa yaitwayo Cup of Excellence, yaliyoanzia Brazili mwaka 1999, yalifika Afrika kwa mara ya kwanza nchini Rwanda mwaka 2008, na Burundi mwaka 2012. Nayataja kwa sababu moja mahususi. Kahawa iliyoshinda huuzwa kwa mnada, na wanunuzi wa mnada huo ni watu wa kazi, ambao hupelekewa sampuli, wakaichoma na kuionja wenyewe kabla ya kutaja bei. Hapo tuzo imefanya kazi yake halali: imeiinua kahawa ya kituo kimoja cha kuoshea, kilicho kilimani, kisichojulikana hata katika mkoa wa jirani, ikaiweka mbele ya mtu wa Tokyo au Oslo na kusema, onja hii. Haikusema, usionje, sisi tumekwisha kuonja.

Tofauti kati ya semi hizo mbili ndiyo mpaka ninaouona kati ya nishani inayofaa kumwongoza mnunuzi na nishani isiyofaa. Mtu anayenunua chupa moja yenye dhahabu ili aijue, na akiipenda arudi, na asipoipenda aiache bila kujiona mshamba, hajafanya kosa lolote; amekubali mwaliko. Anayeinunua kwa kuwa dhahabu imekwisha kuamua, kisha akailazimisha kinywa chake kuisifu mbele ya wageni, huyo ametoa kitu ambacho si fedha tu. Nao wenye viwanda, wakiisha kuona kwamba wanunuzi wa namna ya pili ndio wengi, huanza kutengeneza divai kwa ajili ya bilauri ya 17 katika msafara wa 30, yaani ya kishindo, badala ya divai ya kunywewa mezani. Mwalimu yeyote aliyeona mwenzake akifundisha mtihani mahali pa kufundisha somo anajua mwisho wake ni nini: alama hupanda, na lugha hubaki ilipokuwa.

Ni haki kuwasifu wasimamizi wa maonyesho yale ya California, waliokubali waamuzi wao wapimwe na matokeo yasomwe na ulimwengu, ingawa hayakuwapa sifa. Naona ugumu kuamini kwamba mashindano mengi, ya divai au ya kitu kingine, yangekubali. Lakini kuna hatua nyingine iliyo nyepesi zaidi. Kijikaratasi cha dhahabu kingeweza kuandikwa hivi: divai hii ilipelekwa katika mashindano saba, moja liliitunukia nishani, sita hayakuitunukia. Mwenye kiwanda hatakubali kuanza peke yake, maana jirani yake ataendelea kubandika dhahabu tupu na kumshinda dukani. Wenye mashindano hawana udhuru huo. Orodha ya waliolipa ada wanayo, alama za kila mwamuzi wanazo, na kuzichapisha zote, za walioshinda na za walioshindwa, kungewagharimu karatasi chache tu.